Ngamia wa Garissa na Picha Iliyotembea

Sogeeni, wajukuu zangu wa Busawe. Leo nina hadithi ya ngamia, na ni ya kweli.

Kule Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya, wakutubi walikuwa na vitabu, ila wasomaji wao walikuwa wafugaji wanaohama wakifuata maji na malisho. Magari nayo yalitaabika mchangani. Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba za Taifa ya Kenya ikaamua kutumia ngamia, ikaanza na watatu. Huyu kabeba masanduku ya vitabu, yule kabeba hema. Wakifika, hema linasimamishwa, mikeka inatandikwa, watoto wanasoma kivulini.

Basi watu wakapiga picha. Ngamia mwenye vitabu mgongoni! Picha hizo zikaingia magazetini na vitabuni, zikafika Marekani, na wasomaji wa huko wakaanza kutuma vitabu Garissa. Wakati huo Instagram, mtandao wa kuonyeshana picha, ilikuwa haijazaliwa. Ilianza Oktoba 2010. Ilipokuja, safari ya picha ikawa ya kufumba na kufumbua.

Wakutubi wakaichangamkia. Agosti 2018 maktaba ya umma ya New York iliweka humo hadithi nzima ya Alice katika Nchi ya Maajabu, na michoro inayocheza. Msomaji alibonyeza kioo cha simu kwa kidole gumba ili ukurasa usimkimbie. Karibu nasi, Nairobi, kuna maktaba ya McMillan iliyofunguliwa mwaka 1931 kwa ajili ya Wazungu peke yao. Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo hadi mwaka 1958. Mwaka 2017 Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walianzisha Book Bunk ili kuifufua, pamoja na maktaba ndogo za Kaloleni na Makadara. Kazi hiyo wanaionyesha mtandaoni kwa picha. Mimi nazipenda kuliko picha zote za majengo marefu, kwa sababu zinamwambia mtoto wa mtaani kwamba mlango aliofungiwa babu yake sasa ni wake.

Nasi je? Mkoa wetu wa Mara una maktaba Musoma, chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na shule inaweza kuwa na kabati lake la vitabu. Hata kabati linastahili kutangazwa. Lakini picha ya kabati peke yake haimwiti mtu. Pigeni picha ya mikono iliyoshika kitabu, jalada lionekane, na chini yake mwandike jambo moja lililowashangaza humo ndani. Mtu akitamani kujua lililofuata, atakuja.

Instagram hairuhusu mwenye umri chini ya miaka 13 kufungua akaunti, kwa hiyo mwombeni mwalimu au mkutubi aiweke picha kwenye akaunti ya shule au ya maktaba. Na sura ya mtoto haitumwi hadi yeye na mzazi wake wakubali. Hapo sina mzaha, maana picha ikishatoka hairudi.

Kisha andikeni maktaba iko wapi, inafunguliwa saa ngapi, na kama kitabu kinaazimwa au kinasomewa palepale. Siku ya kufungwa itangazeni pia, asije mtu akatembea kutoka mbali akakuta kufuli.