Roboti Inayofuatilia Jumbe Zinazopendwa Kundini

Katika makundi makubwa ya mazungumzo mtandaoni, ambamo mamia ya jumbe huandikwa kwa siku moja, taarifa muhimu huzama upesi chini ya salamu na mizaha, na mwanakundi aliyeshinda kazini hukosa njia ya kujua ni lipi lililowagusa wenzake. Tatizo hilo hutatuliwa na roboti ya mazungumzo, yaani programu inayoingizwa kundini kama mwanachama, ambayo hufuatilia jumbe zinazopokewa vizuri na kuzikusanya mahali pamoja. Mfano unaofaa ni Telegram, mtandao ulioanzishwa mwaka 2013 na ndugu wawili, Pavel na Nikolai Durov, ambao huruhusu kundi moja kuwa na watu hadi 200,000, na ambao tangu mwaka 2015 umewawezesha watayarishaji wa programu kuunda roboti zao bila malipo.

Kazi huanza kwa usajili. Mtayarishaji huwasiliana na roboti ya Telegram yenyewe iitwayo BotFather, ambayo humpa tokeni, yaani mfululizo mrefu wa tarakimu na herufi unaotumika kama nywila. Na kwa kuwa yeyote anayeipata tokeni hiyo anaweza kuiendesha roboti apendavyo, ni lazima itunzwe kwa siri. Kisha programu huandikwa kwa lugha kama Python na kuwekwa kwenye seva, yaani kompyuta inayofanya kazi usiku na mchana, ambako hupokea kila tukio jipya la kundi. Telegram haiyahifadhi matukio yasiyochukuliwa zaidi ya saa 24, hivyo seva ikizimika kwa siku mbili, sehemu ya kura hupotea moja kwa moja.

Kura zenyewe ni emoji ambazo wasomaji hubandika chini ya ujumbe. Roboti zilianza kuarifiwa kuhusu emoji hizo tarehe 29 Desemba 2023, kwa masharti mawili: roboti ipewe usimamizi wa kundi, na programu iombe waziwazi kupelekewa matukio ya aina hiyo. Taarifa inayofika hutaja namba ya ujumbe, mtu aliyebandika, emoji zake za awali na zile mpya, lakini haina maneno ya ujumbe wenyewe. Kwa sababu hiyo, hifadhidata, yaani ghala la kumbukumbu za programu, huhitaji kutunza namba na kura tu, na ujumbe unapofikisha kura zilizowekwa kuwa kiwango, roboti huiagiza Telegram iunakili kwenye chaneli maalumu. Aidha, mtu aliyebadilisha emoji yake huhesabiwa mara moja, kwa kuwa kura mpya huchukua nafasi ya ile ya zamani.

Ugumu wa kweli umo katika kuamua maana ya kupendwa. Dole gumba lililoelekezwa chini ni emoji pia, ingawa ni la kukataa, na uso wenye machozi chini ya tangazo la msiba ni rambirambi. Vilevile, emoji tano katika kundi la watu 20 zina uzito mkubwa, ilhali katika kundi la maelfu hazionyeshi chochote, kwa hiyo kiwango hupaswa kulingana na ukubwa wa kundi. Muda nao una nafasi yake: ujumbe wa asubuhi huwa umesomwa na wengi kuliko wa jioni, na haki hutendeka pale kila ujumbe unapopewa kipindi sawa cha kuhesabiwa, tuseme saa 24 tangu ulipoandikwa.

Roboti iliyo msimamizi husoma kila kinachoandikwa kundini, nayo Kenya kupitia sheria ya mwaka 2019, na Tanzania kupitia sheria ya mwaka 2022, zimeweka ulinzi wa taarifa binafsi. Mtayarishaji makini huwaeleza wanakundi kinachohifadhiwa na huziondoa kumbukumbu zisizohitajika tena. Wasomaji nao wazingatie kwamba roboti hupima mvuto wa ujumbe, haipimi ukweli wake. Uvumi uliopambwa vizuri unaweza kuongoza orodha, na jukumu la kuuchunguza kabla ya kuusambaza hubaki kwa binadamu.