Uhura Alifutwa Kumbukumbu, Kiswahili Kikabaki

Tamthilia za anga za juu zina wakosoaji wakali Likoni na Kisauni, wawe wanaangalia kwenye kibanda cha video au kwenye simu iliyojazwa filamu dukani. Chombo cha adui kikilipuka kwa kishindo, hakosi mtu wa kusema kwamba sauti haipiti mahali pasipo hewa. Ni kweli. Sauti ni mtetemo, na huko juu hakuna cha kutetemeka.

Mwingine atauliza kuhusu mikanda. Katika tamthilia ya Star Trek, kombora likikipiga chombo, nahodha na maofisa wake hurushwa huku na huku kwa sababu viti havina mikanda. Hapa kwetu, tangu kanuni za waziri John Michuki za mwaka 2004, matatu ya Likoni kwenda Ukunda inatakiwa iwe na mkanda kwa kila abiria. Swali hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Chombo kikiongeza mwendo taratibu, abiria asihisi zaidi ya uzito wake wa kawaida wa duniani, kitahitaji karibu mwaka mzima kuukaribia mwendo wa mwanga. Cha kwenye runinga huchukua sekunde chache, na kwa haki abiria wangepondeka. Waandishi waliliona hilo, wakabuni mtambo wa kumeza msukumo. Sasa mtambo unaoweza kazi kubwa kiasi hicho unashindwaje na mtikisiko wa kombora moja?

Watu wa Pwani wana haki ya kuuliza, maana safari za anga hawakuzijua kwenye runinga pekee. Ukishika barabara ya Malindi kutoka Kisauni, ukaupita mji wa Malindi, utafika ghuba ya Ngwana, ambako Waitaliano walisimamisha jukwaa la San Marco baharini. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, roketi ya Kimarekani iliruka kutoka hapo na setilaiti ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi huo NASA, aliipa jina Uhuru kwa heshima ya Kenya. Mahali palichaguliwa kwa hesabu: karibu na ikweta dunia huzunguka kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayorushwa kuelekea mashariki huipata kasi hiyo bure.

Jina hilo, likiwa limegeuzwa herufi ya mwisho, lilikuwa limeshaingia kwenye runinga ya Marekani miaka 4 kabla, kupitia Luteni Uhura, ofisa wa mawasiliano wa Star Trek aliyeigizwa na Nichelle Nichols. Mhusika huyu ni Mwafrika, na Kiswahili ni lugha yake. Kwake yeye ndiko liliko tundu la hadithi linaloniuma kuliko yote ya sauti na mikanda.

Katika sehemu iitwayo The Changeling, iliyorushwa 29 Septemba 1967, mashine iitwayo Nomad inamsikia Uhura akiimba. Inashindwa kuelewa kuimba ni nini, inaichunguza akili yake, na inafuta kila alichokijua. Baadaye tunamwona kwa muuguzi Chapel, akijikongoja kusoma Kiingereza kama mtoto wa darasa la kwanza. Akikwama, anasema kwa hasira, na anasema kwa Kiswahili.

Wengi hucheka hapo: kama kila kitu kimefutwa, Kiswahili kimetoka wapi? Mimi naona hapo ndipo waandishi walipoukaribia ukweli. Mfaransa Théodule Ribot aliandika mwaka 1881 kwamba kumbukumbu za karibuni hutangulia kupotea na za kale hudumu. Madaktari wanajua wagonjwa wa kiharusi wenye lugha nyingi ambao lugha moja huwarudia kabla ya nyingine. Mara nyingine ni ile ya utotoni, ingawa si wakati wote. Changamwe, ambako mtu huongea Kigiriama na mamake, Kiswahili sokoni na Kiingereza kazini bandarini, jambo hilo halishangazi.

Kisichoingia akilini ni kinachofuata. Daktari McCoy anatangaza kwamba Uhura atarudi kazini ndani ya wiki moja. Sehemu iliyofuata ilirushwa 6 Oktoba, wiki moja kamili, na Uhura yuko kwenye mitambo yake, mwerevu na jasiri kama zamani. Kusoma hufundishika upya. Lakini uso wa mama yake, nyumba aliyokulia, marafiki waliokufa, hayo hayamo kwenye kitabu chochote cha Chapel. Hakuna anayemuuliza. Mwanamke mweusi wa pekee miongoni mwa maofisa wakuu alipoteza maisha yake yote, na hadithi ikasonga mbele kana kwamba ameteguka mguu.

Sehemu iliyostahili kuandikwa ingeanzia kwenye lugha iliyosalia. Uhura angefundishwa mitambo kwa Kiswahili, na Chapel angelazimika kujifunza kwanza. Katika chombo chenye watu 430 wangemtafuta mwingine anayekijua, labda fundi wa chini kabisa ambaye hakuwahi kuitwa mbele ya nahodha. Huyo angekaa naye usiku kucha akimwuliza anachokumbuka, naye Uhura angeanza na wimbo.