Michezo ya pari: Je, mchezaji anaweza kujifungia mlango mwenyewe?

Mshahara unaingia asubuhi, jioni umekwisha kwenye pari za mpira. Kwa mtu aliyefikia hali hiyo, kuapa mbele ya bibi na watoto mara nyingi hakutoshi: simu iko mfukoni, na mchezo uko ndani ya simu.

Uingereza ilijaribu njia nyingine. Tangu mwaka wa 2018 kuna daftari linaloitwa GAMSTOP. Mchezaji anajiandikisha kwa hiari, bila malipo, na kuchagua muda wa kufungiwa: miezi 6, mwaka 1 au miaka 5. Akijuta baada ya wiki mbili, hawezi kufuta jina lake kabla ya muda kwisha. Hapo ndipo nguvu ya mpango huo ilipo: uamuzi unachukuliwa akili ikiwa imetulia, na unabaki hata tamaa ikirudi.

Mwanzoni si kampuni zote zilijiunga, hivyo aliyefungiwa huku aliweza kuhamia kule. Tangu Machi 31, 2020, kila kampuni ya pari za intaneti yenye ruhusa nchini humo inalazimika kufuata daftari hilo.

Je, inasaidia? Tafiti za nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba wengi wanaojiandikisha wanapunguza kucheza. Lakini wanaojiandikisha ni wachache kati ya wenye shida, na wengi wao wanafika wakiwa wamekwisha kuzama katika madeni. Tena, kuna tovuti za nje zisizo na ruhusa, ambazo zinajitangaza wazi kuwa haziko ndani ya GAMSTOP. Maduka ya pari nayo yana orodha yake nyingine.

Ndiyo maana wataalamu wanashauri kufunga milango kadhaa kwa pamoja: daftari, programu ya kuzuia tovuti kwenye simu, na banki. Baadhi ya banki za Uingereza zinamruhusu mteja kuzuia malipo ya pari.

Kwa Kongo, ambako vijana wengi wanacheza pari na kulipa kwa simu, somo ni moja. Daftari linalomtambua mchezaji kwa namba ya simu peke yake litamshinda nguvu mwenye kadi mbili? Hapana: yeye ndiye atakayelishinda. Na kufunga mlango hakulipi deni. Jamaa na mshauri bado wanahitajika.