Besi Fupi: Ya Zamani au ya Kisasa?

Besi fupi ni gitaa la besi ambalo sehemu ya uzi inayolia, kuanzia mfereji wa nyuzi ulio kwenye shina la kichwa hadi kwenye daraja, ina urefu wa takriban inchi 30, sawa na milimita 762. Besi ya kawaida ina inchi 34, yaani milimita 864. Kipimo hicho kilienea baada ya kampuni ya Marekani ya Fender kutoa Precision mwaka 1951. Tofauti ya inchi nne hubadilisha jinsi mkono unavyofanya kazi, mkazo wa nyuzi na hata sauti inayofika kwenye amplifaya. Anayetaka kununua besi fupi hukuta sokoni makundi mawili: zilizotengenezwa kati ya miaka ya 1950 na 1970, na zinazotoka viwandani leo. Kabla ya kuyapima hayo mawili ni lazima kujua ni sifa zipi zinatokana na ufupi, zipi zinatokana na muundo, na zipi kweli zinatokana na umri. Umri ndio unaopandisha bei kuliko vyote, ingawa mchango wake katika sauti mara nyingi ni mdogo.

Ufupi unavyofanya kazi

Katika besi ya inchi 34, umbali kutoka mfereji wa nyuzi hadi freti ya kwanza ni karibu milimita 48.5. Katika besi ya inchi 30 ni karibu milimita 43. Nafasi hupungua kwa uwiano huohuo katika kila freti, hivyo vidole havihitaji kutanuka sana popote kwenye shingo. Ndiyo maana besi fupi hupendwa na wapigaji wenye mikono midogo, wanaoanza, wanaotoka kwenye gitaa la kawaida, na wale ambao viwiko au mabega yamechoka baada ya miaka mingi ya kupiga.

Mkazo nao hupungua. Uzi uleule ukipandishwa hadi noti ileile, mkazo wake hufuata mraba wa urefu. Kwa hiyo kushuka kutoka inchi 34 hadi 30 hupunguza mkazo kwa takriban asilimia 22. Uzi unakuwa laini, unakubali kuvutwa kwa kidole, lakini pia unayumba zaidi na hugonga freti kwa urahisi. Tatizo hili huonekana hasa katika uzi mnene wa E, ambao hutikisika mara 41.2 kwa sekunde. Ili kuurudishia mkazo wa besi ndefu, uzi wenye unene wa inchi 0.105 ungepaswa kunenepa hadi karibu inchi 0.119. Uzi mnene, nao, huwa mgumu kupinda na hutoa sauti iliyofifia upande wa juu. Kila mtengenezaji wa besi fupi, wa zamani au wa sasa, hutafuta njia ya katikati kati ya mambo hayo mawili.

Chimbuko la besi fupi za zamani

Kampuni ya Gibson ilitoa besi yake ya kwanza ya umeme mwaka 1953, ikiwa na umbo la fidla na urefu wa inchi 30.5. Baadaye iliitwa EB-1. Ilikuwa na mguu wa chuma unaovutika, ili mpigaji aliyezoea besi kubwa ya kusimama aweze kuisimamisha. Zilifuata EB-2 mwaka 1958, EB-0 mwaka 1959 na EB-3 mwaka 1961. Hii ya mwisho ilijulikana sana mikononi mwa Jack Bruce wa kundi la Cream. Mwaka 1958 Danelectro ilileta Longhorn, besi nyepesi ya mbao na bodi za Masonite. Fender yenyewe ilitoa Mustang Bass mwaka 1966.

Ujerumani, kampuni ya Höfner ilikuwa na asili ya ufundi wa fidla. Walter Höfner alibuni modeli ya 500/1 katikati ya miaka ya 1950, ikiwa na tumbo tupu na umbo la fidla. Paul McCartney wa kundi la Beatles alinunua yake jijini Hamburg mwaka 1961. Kwa kuwa anapiga kwa mkono wa kushoto, umbo lenye pande zinazolingana lilimfaa, kwani halikuonekana limegeuzwa. Besi hiyo iliibwa London mwaka 1972, na kupatikana kwake kukatangazwa Februari 2024. Umaarufu wa Beatles ndio uliozifanya besi za umbo hilo zitafutwe hadi leo.

Sauti hutokana na muundo kwanza

Watu husema besi fupi za zamani zina sauti nene, ya mviringo, inayokatika upesi. Maelezo hayo ni sahihi, lakini sababu yake kubwa si umri. Katika EB-0, pikapu, ile sumaku iliyozungushiwa waya inayopokea mtikisiko wa nyuzi, imewekwa mwishoni kabisa mwa shingo. Mahali hapo uzi huyumba kwa upana, na noti ya msingi husikika kuliko sauti ndogondogo za juu. Pikapu yenyewe ina waya mwingi kupita kiasi, na waya mwingi hukata zaidi sauti za juu. Matokeo ni mngurumo mzito, ambao katika chumba kikubwa hufanya noti zisitofautike vizuri.

Höfner hupata sauti yake kwa njia nyingine: tumbo tupu, na daraja la mbao lililokalia uso wa gitaa bila kupigiliwa. Nguvu ya uzi huingia haraka kwenye mbao na kuisha haraka. Mustang ya mwanzo ilikuwa na sponji chini ya nyuzi karibu na daraja, nazo ziliufupisha mlio. Zaidi ya hayo, wapigaji wengi wa miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960 walitumia nyuzi zilizozungushiwa utepe bapa, ambazo hung'aa kidogo kuliko zile za waya wa mviringo zilizotawala baadaye.

Ushahidi kwamba ufupi peke yake haufifishi sauti uko kwa Stanley Clarke. Tangu miaka ya 1970 amepiga besi za Alembic za kipimo kifupi, zenye mfumo wa ndani wa kukuza sauti unaotumia umeme. Sauti yake ni kali, yenye kila noti wazi, kinyume kabisa na mngurumo wa EB-0. Urefu wa nyuzi unakaribiana, bali pikapu, mbao na vifaa vya umeme vinatofautiana.

Kwa hiyo mtu anayetamani sauti ya zamani anaweza kuikaribia kwa gharama ndogo. Seti ya nyuzi bapa, kipande cha sponji mbele ya daraja na kupunguza kitufe cha sauti za juu hubadilisha besi mpya kuliko miaka hamsini ya kukauka kwa mbao inavyoweza kufanya. Umri wenyewe huleta mambo madogo: mbao hutulia, vanishi huwa nyembamba, sumaku hupoteza nguvu kidogo. Tena, kwa kuwa pikapu za wakati ule hazikuzungushwa kwa usawa wa leo, besi mbili za mwaka mmoja zinaweza kulia tofauti. Ya zamani hununuliwa kwa kuisikiliza yenyewe, si kwa sifa ya modeli yake.

Kuikagua besi ya zamani

Ukaguzi huanza na shingo. Uzi hubanwa kwenye freti ya kwanza na ile ya mwisho, kisha hutazamwa nafasi iliyobaki katikati. Nafasi ndogo inakubalika, kubwa huonyesha kwamba shingo imepinda. Besi nyingi zina chuma cha kurekebisha ndani ya shingo, lakini chuma hicho kinaweza kuwa kimekazwa hadi mwisho, na hapo hakina msaada tena. Danelectro za miaka ile zilikuwa na vyuma visivyorekebishika kabisa. Shingo iliyopinda katika gitaa la aina hiyo huhitaji fundi, na gharama ya fundi inaweza kukaribia bei ya besi nyingine.

Kichwa cha Gibson kimeinama nyuma, na shingo yake ni ya mahogani, mti usiopenda kugongwa. Nyufa nyuma ya kichwa ni kasoro ya kawaida. Ufa uliogundishwa vizuri hauzuii kupiga, ila hushusha thamani, na mnunuzi hapaswi kulipa bei ya gitaa zima.

Daraja ni la kukaguliwa kwa sikio. Noti ya freti ya 12 inapaswa kuwa oktava kamili juu ya uzi ulio wazi. EB-0 za mwanzo zina daraja la kipande kimoja, hivyo haiwezekani kurekebisha kila uzi peke yake. Höfner ina vipande vidogo vya freti juu ya daraja la mbao, ambavyo husogezwa kwa kukadiria. Upungufu huu si ubovu, ni muundo, na hauishi kwa ufundi wowote bila kubadilisha daraja.

Ndani ya kifuniko cha vitufe kuna ushahidi wa umri. Vitufe vingi vya Marekani vina namba zinazotaja mtengenezaji na tarehe: 1376614, kwa mfano, humaanisha kampuni ya CTS, mwaka 1966, wiki ya 14. Gitaa haliwezi kuwa limekamilika kabla ya tarehe ya vitufe vyake vya asili. Lehemu inayong'aa kuliko nyingine huonyesha kwamba kitu kimebadilishwa. Namba za Gibson za miaka ya 1960 hazitoshi kuwa ushahidi, kwa sababu zilirudiwa katika miaka tofauti.

Besi fupi za kisasa

Viwanda vya leo hukata mbao na mifereji ya freti kwa mashine zinazoongozwa na kompyuta. Hata besi ya bei nafuu huwa na freti zilizo mahali pake, shingo inayorekebishika na, mara nyingi, daraja lenye kiti cha kila uzi. Fender Mustang PJ huunganisha pikapu za aina mbili, moja ya besi ya Precision na moja ya besi ya Jazz, na hivyo hutoa sauti nyingi kuliko mama yake wa 1966. Music Man StingRay fupi hubeba ukali wa besi ndefu ya jina hilo. Ibanez Mikro hushuka hadi inchi 28.6 kwa ajili ya mikono midogo zaidi.

Hata hivyo, upya si dhamana ya ubora. Modeli za bei ya chini huwa na vikazio vya nyuzi vyepesi vinavyolegea na pikapu zinazovuma karibu na taa au kompyuta. Nazo modeli zinazoiga za zamani huiga pia matatizo yake: Höfner mpya bado ina daraja la mbao lisilopigiliwa, na besi ya Gibson SG ya leo bado huelemea upande wa kichwa mpigaji akiiachia mkono.

Nyuzi, hali ya hewa na sheria

Nyuzi za besi fupi lazima ziwe za kipimo hicho. Uzi mrefu ukikatwa, sehemu yake nene huzungushwa kwenye kikazio na inaweza kukatika. Mustang ambazo nyuzi hupita ndani ya mwili wa gitaa huhitaji nyuzi ndefu kidogo, mara nyingi za inchi 32. Hilo huulizwa kabla ya kununua, hasa mahali ambapo maduka huuza nyuzi za inchi 34 tu.

Katika pwani ya Afrika Mashariki, chumvi na unyevu hula vyuma na kulegeza gundi. Tumbo tupu lililogundishwa miaka 60 iliyopita hudhurika upesi kuliko mwili wa mbao nzito uliofunikwa kwa vanishi nene ya kisasa.

Sheria nayo ina uzito. Ubao wa freti wa besi nyingi za zamani ni wa miti ya jenasi Dalbergia, ukoo mmoja na mpingo wa Tanzania na Msumbiji. Tangu mwishoni mwa 2019, vyombo vya muziki vilivyokamilika vya aina nyingi za jenasi hiyo vimesamehewa vibali vya CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini. Msamaha huo hauhusu Dalbergia nigra ya Brazil, iliyo chini ya ulinzi mkali tangu 1992. Besi yenye mti huo haiuzwi nje ya mipaka bila hati, na inaweza kukamatwa forodhani.

Uamuzi

Mpigaji mwenye besi moja tu, inayosafiri, inayopigwa kila wiki katika bendi au kanisani, anafaa kuchukua ya kisasa na kutenga sehemu ya fedha kwa nyuzi nzuri na kazi ya fundi. Ya zamani inamfaa mwenye besi nyingine tayari, anayeijua sauti anayoitafuta, na aliyeikagua shingo kabla ya kuulizia bei. Asiyeweza kueleza ni nini hasa anachokikosa katika besi mpya hana sababu ya kulipia umri.