Kilio cha Siku 152 Juu ya Kinga

Kwetu Kasaji baiskeli tunaiita kinga. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa akisikia neno hilo atafikiria chanjo ya watoto, lakini mtu wa Katanga anaona magurudumu mawili, cheni, na gunia la makala, yaani mkaa, limefungwa nyuma kwa vipande vya mpira. Kinga hulisha mji. Mihogo ya vijijini huingia sokoni juu ya kinga, mgonjwa hufikishwa hospitalini juu ya kinga, na bibi yangu alikuwa akisimulia kwamba hata katika vita ya 1977, waasi walipotoka upande wa Angola, wengine waliingia huku kwetu juu ya kinga.

Lakini wote hao waliopanda walikuwa wanaume. Mwanamke alibebwa nyuma, miguu upande mmoja, mtoto mgongoni. Bibi huyo huyo aliniambia msichana akikalia kiti cha kinga tumbo lake litafunga, hatazaa. Nilijifunza kwa siri, kwenye kinga ya babu, alasiri alipokuwa amelala, mguu wangu mmoja ukipita chini ya chuma cha katikati kwa sababu kimo changu hakikutosha. Nimezaa watoto wanne.

Mwezi wa saba wa 2017 nilitoka Kasaji kwenda Kolwezi kwa kinga, peke yangu. Hata ungeruka kama ndege, ni zaidi ya kilomita 220, na njia yetu hairuki. Nilitumia siku tano.

Niseme kwanza kwa nini. Kaka yangu alikuwa mchimbaji wa mikono kule Kolwezi, mmoja wa maelfu ya vijana wanaoshuka ardhini kwa kamba kutafuta shaba na kobalti. Usiku mmoja shimo liliwaangukia. Wengine walitolewa, yeye hakutolewa. Tulikaa kilio nyumbani, wanawake tukalala chini kwenye mikeka, majirani wakaleta unga na kuni. Ila kilio bila maiti hakijui kiishie wapi. Hakuna jeneza la kusindikiza, hakuna udongo wa kutupa kwa mkono. Watu waliondoka mmoja mmoja, nami nikabaki nimebeba kitu nisichojua nikitue wapi. Nikaamua kwenda kuona mahali penyewe. Lori lilitaka pesa nisizokuwa nazo. Kinga ilikuwepo.

Mwezi wa saba ni wa baridi katika nyanda zetu. Alfajiri vidole havishiki breki, saa sita vumbi linakaa kwenye meno. Mchanga unameza gurudumu la mbele, basi unashuka, unasukuma, unapanda tena. Nilibeba bukari baridi, ndio ugali wetu, karanga, viazi vitamu vya kuchemsha, pampu, viraka na gundi. Usiku wa pili nililala Mutshatsha, na mama aliyenipokea alinichotea maji ya moto ya kunawa miguu kabla hajaniuliza jina. Siku ya nne mpira wa nyuma ulipasuka vibaya. Wabeba makala waliokuwa wakisukuma kinga zao, kila moja na magunia matatu au manne, walisimama, wakazilaza pembezoni, wakanishonea mpira kwa uzi wa nailoni kama mtu anayeshona kiatu. Hawakutaka malipo. Walitaka kujua jambo moja tu, lile nililoulizwa kila nilipopita: "Mama, bwana yako iko wapi?"

Nilifika. Palikuwa pamefukiwa, na hatua chache pembeni vijana wengine walikuwa wanachimba upya. Nilikuwa na udongo wa uani kwetu ndani ya kopo la maziwa ya unga. Niliumwaga pale.

Sikumsimulia mtu sana habari hiyo. Lakini binti wa kaka yangu, ambaye sasa anasoma Lubumbashi, aliishika moyoni, na siku moja alinipigia simu: "Shangazi, kuna mama mzungu alifanya kama wewe. Ila yeye alizunguka dunia."

Mama huyo ni Juliana Buhring. Alizaliwa 1981, akakulia ndani ya kundi la dini lililowatenganisha watoto na wazazi wao. Yeye na dada zake wawili waliandika kitabu juu ya utoto huo, kilichotoka 2007. Hakuwa mwanamichezo. Alimpenda mwanamume mmoja wa Afrika Kusini, Hendri Coetzee, aliyekuwa na makazi Jinja, Uganda, mtu wa kushuka mito mikubwa kwa mtumbwi mdogo wa kasia. Mwezi wa kumi na mbili wa 2010 Coetzee alikuwa akiwaongoza Wamarekani wawili katika mto Lukuga, hapa hapa Kongo. Mamba alimnyakua kutoka ndani ya mtumbwi wake. Mwili haukupatikana.

Niliposikia jina la Lukuga nilikaa chini. Lukuga ndiyo inayotoa maji ya Ziwa Tanganyika pale Kalemie na kuyapeleka magharibi hadi yanapoingia Lualaba, karibu na Kabalo. Na Lualaba ni mto wetu, ndio ulioupa mkoa jina. Unaanzia kwenye nyanda za kusini, unapita Nzilo karibu na Kolwezi, mahali bwawa linapozalisha umeme, unateremka Bukama na maziwa ya Upemba, kisha unakutana na Lukuga. Mzungu yule alipotea katika maji yanayokwenda kuungana na maji yetu, na huko Ulaya mwanamke akabaki kama nilivyobaki mimi, na kilio kisicho na maiti.

Buhring alifanya mazoezi kwa miezi michache tu, akapata baiskeli aliyoiita Pegasus, na tarehe 23 Julai 2012 akatoka Naples, Italia, kuelekea magharibi. Alirudi Naples tarehe 22 Desemba mwaka huo huo. Siku 152, kilomita 29,069 juu ya magurudumu, katika mabara manne. Aliandikwa kuwa mwanamke mwenye kasi kuliko wote kuzunguka dunia kwa baiskeli.

Watu huuliza: dunia ina bahari, anaizungukaje kwa baiskeli? Sheria za rekodi ya Guinness zinajibu hivi. Safari yote, pamoja na ndege na meli, isipungue mzingo wa dunia kwenye ikweta, yaani kilomita 40,075. Katika hizo, angalau 28,970 ziwe za kukanyaga pedali. Msafiri aende upande mmoja tu, mashariki au magharibi, bila kurudi nyuma. Tena apite sehemu mbili zinazotazamana kupitia katikati ya dunia: chukua chungwa, lichome sindano katikati kabisa, pale inapoingia na pale inapotokea ndizo hizo sehemu mbili. Kwa hiyo Buhring alivuka Ulaya na Marekani, akaenda New Zealand na Australia, akapita Asia, akarudi kwa njia ya Uturuki. Afrika hakuigusa.

Ukigawa kilomita zile kwa siku zake, ukihesabu hata siku alizokuwa ndani ya ndege, ni karibu 190 kwa siku. Mimi katika siku yangu nzuri kuliko zote sikufikisha 60. Barabara yake ilikuwa ya lami na yangu ya mchanga, lakini hata lami inadai chakula. Mwili unaokanyaga kutwa hula mara mbili au tatu ya kawaida, tena kidogo kidogo, kabla njaa haijafika, kwa maana njaa ikishafika miguu inakuwa mbao. Maji bila chumvi hayatoshi. Wabeba makala wetu wanajua hayo bila kusomeshwa na mtu: tazama karanga zao mfukoni, tazama chumvi kwenye kikaratasi.

Rekodi ya Buhring imepitwa mara kadhaa. Mwaka 2018 Jenny Graham wa Uskoti alizunguka kwa siku 124 na saa 11, akibeba vitu vyake vyote mwenyewe, bila gari la kumfuata. Mwaka 2024 Lael Wilcox wa Alaska alitoka Chicago mwezi wa tano na kurudi Chicago mwezi wa tisa: siku 108, saa 12 na dakika 12. Nazisoma tarakimu hizo kwa heshima, ingawa mbio zenyewe hazinivuti sana. Kinachonivuta ni nani alimwacha nani nyumbani, na nani aliwafungulia mlango usiku.

Ndiyo maana, kati ya wanawake wote wa safari hizi, aliye karibu nami ni Dervla Murphy wa Ireland. Siku alipotimiza miaka 10 alipewa baiskeli ya mkono wa pili na kitabu cha ramani, akaamua kwamba siku moja atakwenda India kwa baiskeli. Lakini mama yake alikuwa mgonjwa asiyeweza kujihudumia, na binti ndiye aliyebaki kumuuguza. Aliacha shule, akamwogesha na kumlisha, mwaka baada ya mwaka. Mama alifariki 1962. Januari 1963, katikati ya baridi kali, Dervla akiwa na miaka 31 alianza safari yake, na akafika India. Ni wanawake wangapi wa Kasaji wana safari iliyokunjwa hivyo kwenye sanduku, inangoja mgonjwa wa nyumbani? Mimi nawajua watatu katika mtaa wangu.

Murphy alifika hata kwetu Waswahili. Mwaka 1992, akiwa na miaka 60, alitoka Kenya kwa baiskeli na kushuka hadi Zimbabwe, akipita Uganda, Tanzania, Malawi na Zambia. Kila alipolala watu walimweleza juu ya ugonjwa uliokuwa ukimaliza familia zao, kiasi kwamba kitabu chake cha 1993 alikipa jina lenye neno letu wenyewe: ukimwi. Hakukimbia kupita watu. Alikaa, alisikiliza. Alifariki 2022.

Wa mwanzo kabisa kujulikana alikuwa Annie Kopchovsky, mama wa watoto watatu, aliyetoka Boston mwaka 1894 na kurudi Marekani mwaka uliofuata. Sehemu kubwa ya safari alipanda meli, hilo tuliseme wazi. Aliuza hata jina lake: kampuni ya maji ya Londonderry ilimlipa dola 100, naye akajiita Annie Londonderry na kubeba tangazo lao kwenye baiskeli. Miaka hiyo madaktari wa Ulaya na Marekani walikuwa wakiandika kwamba baiskeli itaharibu uso wa mwanamke, na uzazi wake pia. Nilipoambiwa hivyo nilimkumbuka bibi. Nilidhani onyo lake lilizaliwa Kasaji, kumbe dunia nzima iliwatisha mabinti kwa maneno yaleyale.

Na lile swali la njiani, bwana yako iko wapi, nadhani wanawake hawa wote wameulizwa kwa lugha zao. Zamani lilinichoma. Mama wa Mutshatsha ndiye aliyenigeuza. Na yeye aliniuliza, lakini baada ya kunawisha miguu yangu, nami nikamjibu kuwa bwana yuko nyumbani na watoto, aliyenitoa ni kaka yangu. Akasema na wa kwake yuko ardhini kule kule, mtoto wa kiume. Tulikaa kimya, kuni zikawaka. Asubuhi aliniomba nikifika nilitaje jina la mwanawe pale nitakapomwaga udongo. Nililitaja.

Buhring aliandika safari yake katika kitabu kilichotoka 2016. Binti wa kaka yangu amekitafuta Lubumbashi bila kukipata, ila amepata jambo lingine kichwani. Anataka likizo ya mwezi wa saba twende wote wawili, kila mtu na kinga yake, tupite Kolwezi mpaka Nzilo tuyaone yale maji kabla hayajaanza kuteremka kwenda kukutana na Lukuga. Hajawahi kufika alipo baba yake. Nimekwisha nunua mipira miwili ya ndani na kopo jipya la viraka. Kinga yake ina kiti kirefu mno kwake, na kila jioni anapokuwa huku nyumbani, jua likipungua, namshikia nyuma huku anajifunza kushuka bila kuanguka.