Kioo cha Jicho Ndani ya Jeli

Mtaa wa Buluk mjini Juba, ambao jina lake ni neno la kijeshi la Kituruki lenye maana ya kikosi cha askari, unacho kituo cha tiba ya macho. Na kwa kuwa katika Sudani Kusini ugonjwa wa vikope ungali umeenea sana, hapo ndipo ninapopenda kuanzia habari ya maarifa mapya ya kupiga chapa viungo vya mwili kwa seli zilizo hai.

Vikope huletwa na bakteria waitwao Chlamydia trachomatis, wanaobebwa na nzi, vidole na vitambaa kutoka uso wa mtoto mmoja hadi wa mwingine. Mtoto akiambukizwa mara nyingi, ngozi ya ndani ya kigubiko cha jicho hupata makovu. Makovu yakikaza, kigubiko hujikunja, na kope, ambazo Mola amezijaalia kulilinda jicho, hugeuka kuwa miiba inayolikwaruza kila linapopepesa. Kinachokwaruzwa ni konea, kile kioo cha mbele chenye unene wa nusu milimita hivi, kisichokuwa na mshipa hata mmoja wa damu, ambacho kikishaingiwa na makovu huwa cheupe kama dirisha lenye ukungu, na nuru haipiti tena.

Konea iliyoharibika inaweza kubadilishwa, na jambo hili linajulikana tangu tarehe 7 Desemba 1905, siku ambayo tabibu Eduard Zirm, katika mji wa Olomouc, alimpandikizia konea ya mtu mwingine kibarua aliyeunguzwa macho kwa chokaa, na kibarua huyo akaona tena. Taabu iliyobaki ni uhaba wa konea zenyewe: hesabu ya ulimwengu mzima iliyochapishwa mwaka 2016 ilikadiria kuwa hupatikana konea moja kwa kila 70 zinazohitajiwa.

Uhaba huo ndio uliowasukuma wataalamu kutafuta njia ya kuitengeneza. Mashine ya kuchapa maumbo huweka tabaka juu ya tabaka, kama mwashi apangavyo matofali. Walakini tofali likiwekwa hukaa, ilhali seli hai hazistahimili ila mahali laini penye majimaji, na kitu laini kikipangwa hewani huporomoka kwa uzito wake chenyewe kabla hakijaganda. Hapo ndipo ilipozuka hikima ya jeli, nami naihesabu kuwa miongoni mwa fikira nzuri kabisa za karne hii. Mwaka 2015 Adam Feinberg na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, waliacha kuchapa hewani, wakachapa ndani ya bakuli la jelatini iliyosagwa ikawa chembechembe ndogo mno. Na mwaka huo huo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Florida walitangaza njia iliyo jirani nayo. Jeli ya namna hiyo ina tabia ya ajabu: ikiachwa hutulia kama kitu kigumu, ikisukumwa na sindano ya mashine huipisha kama maji, na sindano ikisha kupita hujifunga nyuma yake na kukishika kilichotemwa pale pale kilipotemwa, kama uzi wa zafarani ulionaswa ndani ya faluda. Kazi ikiisha, bakuli hutiwa joto la nyuzi 37, ambalo ndilo joto la miili yetu. Jelatini huyeyuka kama samli, umbo likabaki limesimama, na seli zisidhurike.

Mwaka 2018, katika Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, Che Connon na wenzake walichukua seli za konea ya binadamu, wakazichanganya na kolajeni na alginati, ambayo ni utomvu wa mwani wa kahawia, wakachapa ndani ya jeli ya namna hiyo, duara ndani ya duara, hata likatokea umbo la konea kwa muda usiotimia dakika 10. Na baada ya siku saba seli 83 katika kila 100 zilikuwa hai. Kina mama wa Paje na Jambiani, huko Zanzibar, wanaolima mwani mwekundu na wajue kwamba karagini, utomvu wa mwani wao, nayo imejaribiwa katika jeli za namna hii.

Hata hivyo umbo si konea. Konea ya asili huwa angavu kwa sababu nyuzi zake za kolajeni zimepangwa kwa utaratibu mkali, na kwa sababu tabaka lake la ndani kabisa husukuma maji nje mchana na usiku. Iliyochapwa haina budi kutimiza hayo yote, tena istahimili uzi wa mshonaji. Majaribio yanaendelea, nami nayaombea heri kwa moyo wote.

Lakini hata konea hiyo ikikamilika haitamfaa mgonjwa ambaye kigubiko chake hakijanyoshwa, kwa kuwa kope zile zile zitaikwaruza ya pili kama zilivyoikwaruza ya kwanza. Basi wenye kutoa mali zao kwa ajili ya macho ya watu wa Sudani Kusini na waanze na upasuaji wa vigubiko, dawa ya kuua bakteria, vyoo, na maji ya kumwosha mtoto uso kila siku.