Tucheke na Wazazi, Tusiwacheke



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na sahaba zake.

Leo tuitazame tabu waipatayo wazee wetu mbele ya simu ya mkononi. Vichekesho vyake havina hesabu. Yuko mzee anayepaza sauti mpaka majirani wakatoka nje, kwa kuwa mwanawe yuko Maskati, na Maskati ni mbali. Yuko bibi anayeisikia ile sauti ya mtambo isemayo kuwa mteja hapatikani, naye akaijibu kwa adabu: "Haya mwanangu, akirudi mwambie mama yake kapiga." Akipigiwa simu ya picha huibandika sikioni, wajukuu wakabaki kulitazama sikio.

Kucheka pamoja na mzazi ni katika raha za nyumbani, na dini yetu haikukataza furaha. Kumcheka ni jambo jingine. Katika Sura Al-Israa, aya ya 23, Allah (S.W.) ameambatanisha amri ya kumwabudu Yeye peke yake na ile ya kuwatendea wema wazazi, tena akakataza wasiguniwe wanapofikia uzee. Wanazuoni wameeleza kuwa ikiwa guno dogo limekatazwa, basi lililo kubwa kuliko hilo limekatazwa zaidi. Je, tuseme nini juu ya kijana anayeulizwa mara ya nne pa kubonyeza, akaipokonya simu na kufoka, "Mama nawe, si nilikwambia jana"?

Jambo hili lina hasara hata ya kidunia. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, simu imekuwa mkoba wa fedha. Matapeli nao hawakulala. Hutuma ujumbe wakidai ile fedha itumwe kwenye namba fulani, au hupiga wakijifanya watumishi wa kampuni ya simu na kuuliza namba ya siri. Mzazi aliyezoea kuchekwa haulizi mtu. Hutii anachoambiwa, fedha za dawa zikaenda, kisha akanyamaza, kwani kusema ni kujitafutia kicheko kingine. Hapo kicheko cha mtoto kimekuwa msaidizi wa mwizi.

Basi tufanyeje? Tuketi nao baada ya sala ya Isha, tufundishe jambo moja kwa siku, na simu tuiache mikononi mwao. Tuwakuzie maandishi, na kila namba tuiwekee picha ya mwenyewe. Tuwasisitizie kwamba namba ya siri haitajwi kwa yeyote, na kwamba ujumbe wowote wa fedha watuulize kwanza, hata usiku wa manane. Na tukiulizwa mara ya kumi, tujibu kama ya kwanza.

Sura Luqman, aya ya 14, inatukumbusha mama aliyembeba mwanawe kwa udhaifu juu ya udhaifu, na kumwachisha ziwa katika miaka miwili. Vidole vinavyokosea kitufe leo ndivyo vilivyotushika tulipojifunza kusimama, na wala havikuhesabu tulianguka mara ngapi.

Allah (S.W.) atujaalie subira kwa wazazi wetu walio hai, na awarehemu waliotangulia. Amin.